Mkanda wa tumbo baada ya upasuaji: nunua ule usiopendeza

Maduka ya Kariakoo na wauzaji wa mtandaoni wana mikanda ya aina tatu kwa aliyejifungua kwa upasuaji: wa lastiki pana wenye velkro, seti ya vipande vitatu (tumbo, kiuno, nyonga), na ule wa mpira wenye vyuma na kulabu kama za sidiria. Mshono ukiwa mbichi, nunua wa kwanza. Hauna umbo, unafanana na bandeji, na ukivaa gauni la kubana utaonekana tu. Kazi yake ni kushikilia tumbo ili kuinuka, kutembea na kukohoa kusiume sana, na hiyo unaifanya vizuri kuliko wenzake wawili.

Wanunuzi wengi huuliza saizi, wakasahau upana. Mkanda huu ni mistari ya lastiki iliyoungwa. Wa mistari mitatu una kama sentimita 23, wa minne kama 30. Mwanamke mfupi akivaa wa minne, akikaa kunyonyesha ukingo wa juu unamchoma mbavuni, wa chini unagonga mapaja, kisha wote unajiviringisha. Huyo achukue wa mitatu. Saizi yenyewe usiiamini kwa herufi, maana XL ya kiwanda hiki ni M ya kile. Zungusha futi ya fundi cherehani penye tumbo kubwa zaidi, tumbo la leo, si la kabla ya mimba, halafu linganisha na sentimita zilizoandikwa kwenye boksi.

Daktari au mkunga akisharuhusu, fungia kitandani. Tandika mkanda, lala chali juu yake, kunja magoti. Ukingo wa chini upite chini ya mshono, mshono ubaki katikati ya lastiki. Ukingo ukiukalia, kila hatua utausugua. Vuta pande zote mbili kwa nguvu sawa, ubandike ukianzia chini kwenda juu. Kiganja kipite kati ya mkanda na tumbo, na pumzi ndefu iingie bila shida. Sehemu ya juu iwe imelegea kidogo kuliko ya chini. Ukibana juu zaidi, tumbo linasukumwa chini kwenye nyonga, na kama mkojo unachuruzika ukicheka au unahisi uzito ukeni, anza kwa kulegeza hapo.

Ndani vaa fulana nyembamba ya pamba. Kwa joto la Dar au Mombasa, lastiki juu ya ngozi tupu huleta vipele, na mshono unaokaa na jasho haukauki. Vaa ukiwa unatembea, uvue ukilala. Kila ukivua, utazame mshono: wekundu unaoenea, usaha, harufu au homa ni vya kurudi hospitali, si vya kufunika kwa mkanda.

Seti ya vipande vitatu ina kasoro moja kubwa: vipande hupandana, na unene wa velkro mbili huangukia pale pale penye mshono. Wa mpira haupitishi hewa, na kulabu haziruhusu kulegeza kidogo tumbo likijaa gesi. Usubiri kidonda kipone. Muuzaji atakuambia unayeyusha mafuta. Hakuna mkanda unaoyeyusha mafuta.

Na mkaja wa bibi? Kanga iliyokunjwa kwa upana, ikafungwa kuanzia nyongani, inafaa na haigharimu kitu. Shida ni kwamba hulegea haraka, na mfungaji mwenye mkono mzito huibana kiunoni tu. Fundo likae ubavuni, mbali na mshono.

Nunua miwili, mmoja ukiwa kwenye kamba. Fua kwa mkono, velkro ikiwa imefungwa, bila jiki, na uanike kivulini kwa sababu jua huua lastiki. Velkro ikijaa nyuzi haishiki tena. Ichane kwa mswaki mkavu.