Ving'ora vyote vililia, na kimoja kilikuwa kimezibwa

Nilikusudia kuwapa nyota tatu mafundi waliokuja kufunga ving'ora vya moshi na vya kaboni monoksaidi (ile gesi ya sumu inayotoka kwenye jiko la mkaa, hita au jenereta) nyumbani. Nyaya wamelaza vizuri, siwanyimi haki yao. Lakini kila nikiutazama huu mfuniko wa plastiki ulioko mezani kwangu, nyota inadondoka.

Mfuniko wenyewe ni kitu kidogo: plastiki laini isiyo na rangi, inakaa juu ya king'ora kama kofia, na ukiwa umesimama sakafuni huioni. Unakinga vumbi wakati fundi anatoboa dari, kwa sababu unga wa jipsamu au wa zege ukiingia kwenye chumba cha kunusia moshi, king'ora kitakuwa kinalia ovyo bila moto, au kisisikie vizuri. Drili ikishanyamaza na vumbi likatulia, mfuniko unavuliwa. Huu wa king'ora cha korido, pale mbele ya vyumba vya kulala, haukuvuliwa. Nimeuona wiki kadhaa baadaye, nimepanda ngazi na kitambaa mkononi kufuta utando wa buibui. Vidole vikateleza juu ya plastiki pale ambapo vilitakiwa kugusa matundu. Ukingoni kulikuwa na mstari mweupe wa unga wa dari, bado haujaguswa.

Korido ndiyo moshi unakopita kabla ya kufika vitandani. King'ora cha pale ndicho cha kuamsha watu.

Nikapiga simu. Jibu la fundi: "Bosi, si kililia tulipobonyeza? Kikilia ni kizima." Nikamweleza kwamba matundu yamezibwa. Akarudia yaleyale, safari hii kwa sauti ya mtu anayemsomesha mtoto, akakata.

Nyota mbili, basi.

Na katika hilo la "kikilia ni kizima" ndipo kosa linapokaa, kwa hiyo nalieleza kwa kirefu. King'ora cha moshi kinachotumia mwanga kina chumba kidogo cheusi ndani chenye taa ndogo na kihisi cha mwanga, vimepangwa visitazamane. Hewa ikiwa safi, mwanga unapita bila kukigusa kihisi. Moshi ukiingia, chembe zake zinatawanya mwanga, baadhi unaangukia kwenye kihisi, na king'ora kinalia. Kila kitu kinategemea moshi kuingia. Kitufe cha kujaribu kinakuonyesha kwamba umeme upo, saketi ni nzima na sauti inatoka. Hata vile vinavyojipima kihisi kwa umeme haviwezi kukwambia kwamba nje vimevalishwa mfuko. Ndiyo maana fundi anayejua kazi huja na kopo la sprei ya kupimia, ile iliyotengenezwa kwa ajili hiyo (si dawa ya mbu wala manukato, hayo yanaacha mafuta kwenye kihisi), anapuliza kidogo karibu na matundu na kusubiri. Kama kimezibwa, sprei itasema pale pale. Hawa hawakuja na kopo. Walikuja na kijiti cha kubonyezea.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba vingine vyote walivivua. Walijua. Mfuniko uliachwa kwa sababu korido ilikuwa ya mwisho na ngazi ilishakunjwa.

Niwe mwadilifu kuhusu umeme, maana wengi hukosea hapo. Wamechukua umeme moja kwa moja kutoka saketi ya taa, bila kupitia swichi, kwa hiyo hakuna mtu wa kuvizima kwa bahati mbaya, na breka ya taa ikianguka utajua siku hiyohiyo kwa sababu nyumba itakuwa giza. Wameunganisha ving'ora vyote kwa waya wa ziada wa mawasiliano. Kimoja kikisikia, vyote vinalia. Vyote ni vya kampuni moja, kama inavyotakiwa, kwa sababu ukichanganya chapa huenda visielewane au hata vikaungua. Jikoni wameweka cha joto badala ya cha moshi, ili moshi wa mafuta ya kukaangia usikifanye kilie kila jioni hadi mtu achoke na kukichomoa. Tundu la waya nyuma ya kila kitako wameliziba kwa silikoni. Hili wachache sana hulifanya: hewa ikivuma kutoka juu ya dari kupitia tundu hilo, inausukuma moshi mbali na king'ora. Nilipoiona ile silikoni nilisema nimepata mafundi. Kwa kazi hiyo peke yake ningewarudishia nyota ya tatu.

Kisha nikafika chumbani.

King'ora cha kaboni monoksaidi wamekipigilia kiasi cha shubiri moja kutoka sakafuni, nyuma ya pazia, kwa sababu "gesi ni nzito, inashuka." Gesi ya kupikia ya mtungi, ndiyo, inashuka. Kaboni monoksaidi haishuki. Ni nyepesi kidogo tu kuliko hewa, inachanganyika nayo na kuenea chumba kizima, na ikitoka kwenye jiko la mkaa, hita ya gesi au jenereta inapanda pamoja na hewa ya moto. Chumba cha kulala kinataka king'ora kwenye kimo cha pua ya mtu aliyelala, mahali pa wazi, pasipo pazia wala kabati mbele yake. Kwenye chumba chenye jiko au hita, kikae juu, mita 1 hadi 3 kwa upande kutoka kwenye kifaa kinachowaka. Tena king'ora hiki hakinusi gesi ya mtungi hata kidogo. Fundi aliyechanganya hizo mbili amekuachia nyumba isiyolindwa dhidi ya yoyote kati yake.

Hakuna aliyenieleza milio pia. Milio mitatu, kimya, mitatu: moshi. Milio minne, kimya, minne: kaboni monoksaidi, na hapo hutafuti chanzo, unatoa watu wote nje kwanza na kuwahesabu. Mlio mmoja mfupi kila dakika moja hivi: betri imechoka. Nusu dakika ya maelezo mlangoni. Waliitumia kuomba niwapigie alama nzuri.

Na tafadhali, usikijaribu cha kaboni monoksaidi kwa kukisogezea jiko la mkaa. Kwa kiwango cha Marekani, kwenye sehemu 70 za gesi hiyo kwa milioni za hewa kinatakiwa kilie baada ya dakika 60 hadi 240, na kwenye sehemu 400 baada ya dakika 4 hadi 15. Kinakadiria sumu inavyojikusanya mwilini, hakilii papo hapo. Ukisubiri kilie juu ya mkaa, utakuwa unaivuta mwenyewe.

Nimevua mfuniko, nimepuliza sprei, korido imelia na vyote vikafuata. Cha chumbani nimekihamisha mwenyewe, skrubu mbili tu. Nimeandika kwa kalamu ya wino mzito pembeni ya kila kimoja tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu iko mgongoni na ukishakifunga huioni tena. Vya moshi hutumika miaka 10 kutoka tarehe hiyo, si kutoka siku ya kufungwa. Vya kaboni monoksaidi fuata kilichoandikwa, vingi huisha mapema zaidi.

Ofisi yao imenipigia juzi. Mama mmoja, mpole, akaomba radhi na kunipa punguzo kwa kazi ijayo. Karibu nirudishe nyota. Nikamuuliza kama yule fundi amerudi kwenye nyumba nyingine alizofunga siku zile, akapanda ngazi na kupapasa kila king'ora kwa mkono. Akasema hakuna mteja mwingine aliyelalamika.

Hawawezi kulalamika, mama. Wakibonyeza, kinalia.

Nyota moja. Punguzo sitaki. Piga simu kwenye zile nyumba.