Ikwalaiza ya slaida 31: nyota nne kati ya tano

Ikwalaiza ni kifaa cha kupandisha au kushusha sehemu moja moja ya sauti, kuanzia nzito hadi nyembamba, kila sehemu kwa slaida yake. Hii naitumia kati ya miksa na amplifaya, hasa kusafisha sauti ya msemaji na kuzuia maiki isipige mluzi. Kwa kazi hiyo haina ubishi. Anayeitafuta ili kuongeza besi, pesa zake aziweke kwenye spika ya besi.

Ina chaneli mbili, slaida zikianzia 20 Hz (sauti nzito kabisa) hadi 20 kHz (nyembamba kabisa). Kabla ya lolote, swichi ya kiwango cha juu ambacho slaida inaweza kupandisha au kushusha iweke kwenye 6 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) badala ya 12. Slaida hutembea milimita 20 tu. Kwenye 12, kila milimita ni zaidi ya 1 dB, kidole kikiteleza kidogo umeshaharibu.

Kuiseti: slaida zote katikati, washa kichujio kinachokata chini ya 40 Hz. Simamisha maiki mahali itakapotumika, pandisha sauti polepole mpaka ianze kulia. Mlio wa kuguna "uuu" utafute kati ya 250 na 500 Hz. Ule wa kuchoma masikio uko 2 hadi 4 kHz. Shusha slaida husika 3 dB. Ikinyamaza, pandisha tena uwinde mlio wa pili. Ukifika wa nne au wa tano, acha: sasa kosa ni spika kuitazama maiki, na dawa ni kuisogeza. Wanaoendelea kukata huishia na sauti ya simu, kwa sababu slaida jirani huingiliana. Ukishusha slaida za 250, 315 na 400 Hz kwa 4 dB kila moja, shimo la pale katikati litazidi hizo 4.

Msemaji akisikika kama yumo ndani ya pipa, punguza 2 hadi 3 dB kwenye 250 na 315. "S" zikichoma, gusa 6.3 au 8 kHz.

Kupandisha ni gharama. 3 dB zinadai nguvu maradufu kutoka kwa amplifaya, 6 dB mara nne. Ukiisukuma 63 Hz hivyo, taa nyekundu inawaka, sauti inakwaruza, na mara nyingi twita, spika ndogo ya sauti nyembamba, ndiyo huungua kwanza.

Nyota moja nimeinyima kwa kukosa kifuniko. Mkono ukipita tu, mpangilio umevurugika. Halafu swichi ya baipasi, ya kupitisha sauti bila ikwalaiza, hudanganya. Ukishakata, sauti imepungua, kwa hiyo ile ya bila ikwalaiza itaonekana tamu kwa sababu ni kubwa zaidi. Rudisha ukubwa wa sauti kwa kitufe cha geini kwanza, ndipo ulinganishe.