Kuremba taa za nyuma za gari nyumbani: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Mwenye Fielder, Vitz au Demio akitaka gari lake lipate sura mpya bila kugharamia rimu wala rangi, mara nyingi huanzia taa za nyuma. Ni kazi ya uani, ya bisibisi na spana ya 10, na wauzaji wa spea Nakuru na Kisumu wana vitu vingi vya kukushawishi. Hapa nimevipanga kuanzia kile ambacho ningemwambia ndugu yangu anunue leo, hadi kile ambacho ningemsihi asikiguse. Kipimo ni kimoja tu: kazi ikiisha, je, dereva aliye nyuma yako anakuona unapokanyaga breki, saa saba mchana na saa mbili usiku?

Kipimo hicho kimetokana na barabara zetu. Ukitoka Nakuru kuelekea magharibi unapita Salgaa, unapanda hadi Mau Summit ambako ukungu huweza kukufunika ghafla, na malori yenye mizigo yako mbele na nyuma yako. Ukishuka upande wa Muhoroni, Chemelil na Awasi unaingia nchi ya miwa, na kila aliyeendesha gari huko usiku anajua moyo unavyoruka ukikuta trela la miwa lisilo na taa hata moja. Sitaki urembo ulifanye gari lako kuwa trela kama hilo. Isitoshe, Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inataka taa za nyuma ziwe nyekundu, kwa hiyo zile za bluu na zambarau zinazoning'inizwa madukani tusizipotezee muda.

Nafasi ya kwanza: msasa na polishi

Taa nyingi zinazoonekana zimechoka hazijafa, zimechubuka. Hicho tunachokiita kioo cha taa ya nyuma kwa kawaida ni akriliki, plastiki ngumu inayostahimili jua kuliko polikaboneti ya taa za mbele. Ndiyo sababu taa za mbele hugeuka manjano ilhali za nyuma hubaki nyekundu ila zimefifia, zimejaa mikwaruzo ya vumbi na ya vitambaa vichafu vya kuoshea. Rangi ingali nzima ndani ya plastiki. Kilichoharibika ni uso wake.

Nunua msasa wa maji namba 1000, 1500, 2000 na, ukiupata, 3000. Karatasi zenyewe ni za bei ndogo. Ongeza polishi ya kukata (ile ya kusugulia mikwaruzo), kitambaa cha maikrofaiba na tepu ya karatasi ya kukinga rangi ya bodi. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo: ukinasa, anza na 1000, usiponasa, anza na 2000. Msasa uwe umelowa maji muda wote. Kila ukipanda namba, geuza mwelekeo: kama 1500 ilikwenda kushoto na kulia, 2000 iende juu na chini, hapo utaona mistari ya awali ikiisha. Katikati ya kazi taa itapauka na utadhani umeiua. Endelea, polishi itairudisha. Malizia kwa nta ya gari.

Usisafishe kwa petroli wala thina. Akriliki ikiguswa na vitu hivyo hujaa nyufa nyembamba kama nywele ambazo msasa hauziondoi, na hapo umenunua taa mpya bila kutaka. Maji na sabuni vinatosha.

Naiweka kazi hii ya kwanza kwa sababu ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, na ni kati ya chache zinazoacha taa iking'aa zaidi kuliko ulivyoikuta. Watu wengi wakishaimaliza hugundua hawakuhitaji kitu kingine.

Nafasi ya pili: taa nzima ya ex-Japan

Kama kioo kimepasuka, au unataka mchoro mwingine kabisa, nunua taa nzima iliyotoka kwenye gari la Japani. Watengenezaji wa magari hubadilisha sura ya modeli katikati ya maisha yake, na mara nyingi taa za toleo la baadaye hukaa kwenye bodi ya toleo la kwanza. Unapata sura mpya ambayo kiwanda chenyewe kiliipima.

Muuzaji atakuuliza bodi, yaani aina kamili ya modeli yako. Kwa Fielder kuna tofauti kubwa kati ya NZE141 na NZE161, na taa ya moja haiingii kwa nyingine. Usimjibu kwa kukisia mwaka. Soma msimbo wa modeli kwenye kibati cha utambulisho wa gari, kisha tazama kioo cha taa yako ya sasa: pembeni pamechorwa jina la kampuni iliyoitengeneza, mara nyingi Koito, Stanley au Ichikoh, pamoja na namba. Piga picha pande zote mbili, na soketi ya nyuma pia, kwa sababu taa mbili zinaweza kufanana usoni huku nyaya zao zikitofautiana. Namba ikilingana, unanunua kwa uhakika. Isipolingana, omba uijaribu kwenye gari kabla ya kulipa.

Ukiwa na taa mkononi, igeuze. Tazama kama kuna mstari wa maji ndani, kama masikio ya kufungia nati yamegundishwa kwa supaglu, kama sponji ya kuzuia maji ingalipo. Itazame dhidi ya jua: nyufa zilizofichwa kwa polishi hujionyesha hapo. Zinunue mbili kwa pamoja hata kama iliyoharibika ni moja, kwa kuwa wekundu wa taa iliyokaa juani miaka mingi haulingani na wa jirani yake mpya.

Kuna jambo jingine. Wakenya wengi huchora namba ya gari kwenye taa na vioo vya pembeni ili visiibwe. Ukiona taa yenye namba iliyochorwa, au sehemu iliyosuguliwa kana kwamba kuna kitu kilifutwa, iache. Kuna mtu mahali fulani aliamka asubuhi akakuta gari lake halina taa, na hatutamkomesha aliyeichukua kwa kununua alichoiba. Nunua palipo na risiti.

Spea ikikosekana Kisumu au Nakuru, muuzaji ataagiza Nairobi, mara nyingi kwenye soko la spea la Grogan, na itasafirishwa kama kifurushi kwa basi. Kabla hujatuma pesa, omba video ya taa zote mbili zikiwashwa, upande wa breki na upande wa taa za kawaida. Mwenye duka la haki hakatai.

Taa mpya ambazo wauzaji huziita za Taiwan zinaweza kuwa nzuri au mbaya. Tafuta alama ya herufi E yenye namba ndani ya duara, inayoonyesha taa iliidhinishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa. Alama nayo huigizwa, kwa hiyo bado linganisha mwanga wake na wa taa uliyoivua. Zile zenye kioo cheusi tayari, naziweka chini kabisa pamoja na rangi ya kopo la kupulizia.

Nafasi ya tatu: balbu za LED nyekundu

Faida yake haiko kwenye sura pekee. Balbu ya waya huchukua takriban sehemu mbili za kumi za sekunde kufikia mwanga kamili, na LED huwaka papo hapo. Kwa kilomita 80 kwa saa, muda huo ni zaidi ya mita 4 za barabara, na dereva wa nyuma ndiye anayepewa mita hizo.

Toyota nyingi hutumia balbu ya T20 ya kuchomeka, na magari mengine ile ya kuzungusha. Zote mbili hubeba kazi mbili, yaani wati 5 za taa ya kawaida na 21 za breki. Peleka balbu yako ya zamani dukani. Chagua LED nyekundu kwa kioo chekundu, hata muuzaji akisifu nyeupe kiasi gani. Kioo chekundu hupitisha wekundu tu, kwa hiyo mwanga mwingi wa LED nyeupe hufia ndani na unaobaki huwa na uwaridi.

Kasoro kubwa ya LED za bei rahisi ni kwamba taa ya kawaida na ya breki hulingana. Usiku mtu wa nyuma hawezi kujua kama umefunga breki au umewasha taa tu. Mwombe muuzaji aiunganishe kwenye betri nawe ukodoe macho: tofauti iwe kubwa na iwe dhahiri hata ukiwa hatua nyingi kutoka hapo. Balbu ikikataa kuwaka nyumbani, ichomoe uigeuze, huenda chanya na hasi zimebadilishana.

Indiketa usiziguse kwanza. Ukiweka LED huko, umeme unaotumika hupungua na indiketa huanza kupepesa haraka kana kwamba balbu imeungua. Dawa ni kubadilisha relei (kifaa kinachofanya indiketa zipepese), au kuongeza rezista (kipande cha kula umeme wa ziada) ambayo hupata moto mkali na haipaswi kukaa karibu na plastiki. Hapo mwite fundi wa umeme. Wenye Mercedes na Volkswagen nao watarajie dashibodi kulalamika.

Nafasi ya nne: stika ya tinti

Najua wengi mmekuja kwa ajili ya hii. Sikatai kwamba taa iliyofunikwa moshi mwepesi inapendeza kwenye gari jeusi au la kijivu. Shida ni hesabu yake. Stika inayopitisha nusu ya mwanga hupunguza taa ya breki hadi nusu. Lakini kile kipande cha kurudisha mwanga, kinachomulikwa na gari la nyuma hata taa zako zikiwa zimezimwa, hupitiwa mara mbili, mwanga ukiingia na ukitoka. Nusu ya nusu ni robo. Gari lako likiharibika kando ya barabara Timboroa, betri ikiwa imekufa, robo hiyo ndiyo itakayobaki nawe.

Dukani unaweza kujionea hilo: washa tochi ya simu, weka stika moja juu yake, kisha ikunje ziwe mbili. Unachokiona kwenye mbili ndicho kitakachobaki kwenye kirudisha mwanga.

Ukishaamua, nunua nyepesi kuliko zote walizonazo, na ukate ukanda tu: fremu ya pembeni, au sehemu isiyo na balbu nyuma yake. Breki, indiketa, kirudisha mwanga na taa ya breki ya juu kwenye kioo cha nyuma vibaki wazi. Kwa jicho langu ukanda mwembamba uliokatwa vizuri hupendeza kuliko taa nzima iliyotiwa giza, maana wekundu unapata kitu cha kuuzunguka.

Ulizia stika ya poliurethani, ile inayouzwa kwa kukinga rangi. Ya PVC ya bei ndogo hujikunyata pembeni na kupauka, na sisi tunaishi palipo na jua la ikweta. Ibandike kivulini: taa iwe safi na imenyunyiziwa maji ya sabuni, stika ipashwe joto kwa drai ya nywele, maji yasukumwe kutoka katikati kwenda nje kwa raba, kisha wembe ukate ukiacha ukingo wa milimita moja au mbili ili isishike vumbi. Ukichoka nayo, drai ile ile itaivua, na gundi iliyobaki italainishwa na mafuta ya kupikia. Kwa sababu inatoka, naipa nafasi ya nne na si ya mwisho.

Yanayofuata, kwa kifupi

Mikanda ya LED inayobandikwa chini ya buti inavutia kwa muda, kisha maji huingia na nusu ya vitone huzima. Kama lazima, nunua mwekundu uliofunikwa silikoni, uwe nyongeza ya taa za kiwanda na usichukue nafasi yao, na fundi auwekee fyuzi yake.

Kufungua taa ili kupaka ndani rangi nyeusi ni kazi iliyotokea kwa taa za mbele, ambazo nyingi zimefungwa kwa gundi inayolainika kwa joto. Taa za nyuma mara nyingi zimeunganishwa plastiki kwa plastiki. Kuzifungua ni kuzikata, na zikishakatwa zitanywa maji mvua ya kwanza ya Kisumu.

Nafasi ya mwisho: rangi ya kopo

Usiinunue. Huna njia ya kujua umepulizia kiasi gani, upande wa kushoto hauwezi kulingana na wa kulia, na kuitoa ni kurudi kwenye msasa wa 1000 kwa taa nzima. Ubaya wake mkubwa huonekana mchana. Jua la saa saba likipiga kioo cheusi, taa ya breki huwaka na hakuna anayeiona, na wanaoumia kwanza ni watu wa bodaboda walio karibu na bampa yako. Aliyekwisha kuipulizia asikate tamaa, msasa na polishi vitamtoa huko.

Kabla ya kurudi barabarani

Lolote ulilofunga, simamisha gari likiwa limeelekeza mgongo juani mchana, mtu akanyage breki, nawe utembee nyuma hadi hatua 50. Kama unalazimika kukaza macho, toa ulichobandika. Rudia usiku taa za kawaida zikiwa zimewashwa, kisha uzizime zote na umulike gari kwa tochi uone kama virudisha mwanga vinajibu. Kama uliivua taa, imwagie maji kwa mpira dakika chache, fungua buti, na upapase zulia chini ya kona zote mbili. Likiwa limelowa, sponji haikukaa sawa. Legeza nati, ipange upya, ukaze pande zote kwa zamu.