Pangaboi la zamani, la bei rahisi na la BLDC: uzoefu wangu

Ninaishi Tanga, karibu na bahari, ambako majira ya kaskazi huleta joto na unyevu wa kumfanya mtu augeuze mto usiku kucha. Nyumbani kwangu kuna mapangaboi ya aina tatu: la zamani, la bei rahisi na la BLDC, aina ya mota inayoendeshwa na bodi ya elektroniki, na yote nimeyatumia kwa muda wa kutosha kuyatolea hukumu. Wengi wanaoniulizia ushauri huanza na rangi, idadi ya mapanga, au kama kuna taa chini yake. Mimi huanza na mota, kwa sababu humo ndimo fedha ya mnunuzi inamoingia au kupotelea.

La sebuleni ni Usha la zamani lililotengenezwa India, lenye upana wa milimita 1400, ambalo nilinunua kutoka nyumba iliyokuwa ikikarabatiwa. Nina mazoea ya kukusanya mapangaboi ya namna hii, kwa kuwa mafundi wa majengo huyauza kwa bei ya chuma chakavu, ilhali ndani yake mna koili za shaba safi na mfuniko mzito wa chuma cha kuyeyushwa ambao hautetemeki. Kabla sijatoa fedha, hulizungusha kwa mkono nikiwa nimetega sikio: likikwaruza, beringi zimekwisha, jambo ambalo si la kutisha, lakini nikinusa harufu ya vanishi iliyoungua, ujue koili zimeguswa na gharama ya kuzisuka upya lazima iingie kwenye hesabu. Huangalia pia kama mapanga yote ni ya seti moja. Mapanga hutoka kiwandani yakiwa yamelinganishwa uzito, na ukichanganya la pangaboi hili na la lile utapata mtikisiko ambao hakuna fundi atakayeuondoa kikamilifu.

Matengenezo ya Usha hilo hayakuwa makubwa. Beringi zilibadilishwa kwa kusoma namba iliyochongwa ubavuni mwake, ambayo ni 6202, na beringi ya namba hiyo hupatikana katika duka lolote la vipuri linalojiheshimu. Nilichagua zilizofunikwa pande zote mbili ili chumvi na vumbi visiingie. Kisha nikabadilisha kapasita, kile kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Hapa ningependa nikae kidogo, maana watu wengi hutupa pangaboi zima kwa sababu ya kifaa hiki kidogo. Kapasita ya mapangaboi mengi ya ukubwa wa nyumbani ni ya mikrofaradi 2.5, na kadiri miaka inavyopita, uwezo wake hupungua, hivyo pangaboi huzunguka polepole au hushindwa kuanza mpaka lisukumwe kwa fimbo. Fundi asiye mwaminifu atakuambia mota imekufa. Mwambie kwanza aweke kapasita mpya yenye thamani ile ile, na usikubali akuwekee kubwa zaidi ili “liongeze kasi”, kwa sababu kasi huongezeka kidogo tu huku umeme mwingi ukipita kwenye koili za kuanzishia na kuzipasha moto.

Kuhusu pangaboi la chumba cha watoto, ambalo nililinunua jipya kwa bei ya chini na ambalo chapa yake sitaitaja, sina mengi ya kusifu. Mota yake ni ndogo na nyepesi kiasi kwamba hata kuliinua dukani kulitosha kutoa ishara. Mapanga yake ni bati jembamba la chuma, nayo yalianza kushika kutu ukingoni kabla mvua za masika hazijarudi. Kwa anayeishi pwani, mapanga ya alumini ni lazima. Tatizo kubwa zaidi ni ulalo wa mapanga. Yamelazwa karibu sawa na dari, kwa hiyo huzunguka kwa kasi ya kuvutia macho lakini hayasukumi hewa. Kasi si upepo. Kipimo cha kweli ni mita za ujazo za hewa kwa dakika, ambacho watengenezaji makini huandika kwenye boksi: pangaboi zuri la milimita 1200 husukuma mita za ujazo 210 au zaidi kwa dakika. Boksi la hili langu halikuandikwa kitu zaidi ya wati 75.

Chumbani kwangu nimefunga lenye mota ya BLDC, yaani mota ya sumaku ya kudumu inayoendeshwa na bodi ya elektroniki, nalo pia limetoka India. Hutumia takriban wati 30 likiwa kwenye kasi ya juu kabisa. Likiwashwa saa 10 kila siku, hula uniti 9 za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa mwezi, wakati la wati 75 kwa saa hizo hizo hula uniti 22.5, na tofauti hiyo huonekana mwezi wa kwanza tu. Jambo lililonifurahisha zaidi, hata hivyo, ni tabia yake wakati wa jioni umeme unapokuwa mdogo mtaani: mapangaboi mengine hulegea, lakini hili hushikilia kasi yake. Wenye betri na inveta nao watalipenda, kwa kuwa hula umeme kidogo. Tangu Januari 2023, India imefanya alama ya nyota za matumizi ya umeme kuwa ya lazima kwa mapangaboi, kwa hiyo ukikuta boksi la kutoka huko, hesabu nyota kabla ya kuuliza bei.

Lina masharti yake. Regulata ya ukutani, ile swichi ya kuongeza na kupunguza kasi, lazima iondolewe na waya kuunganishwa moja kwa moja, kwa kuwa kasi huongozwa na rimoti, na regulata ikiachwa inaweza kuiharibu bodi. Rimoti nayo hupotea, hasa kwenye nyumba yenye watoto. Bodi huogopa umeme unaoruka, hivyo nimeweka kilinzi cha umeme kwenye mkondo wa chumba hicho.

Usafi kwangu ni wa kitambaa chenye maji ya sabuni, kikifuatiwa na kikavu, kisha nta nyepesi ya kung’arishia gari kwenye mapanga, ambayo huzuia chumvi isigande. Nikiwa juu ya ngazi hukagua pia kulabu, mpira wake na pini zinazozuia bolti zisifunguke. Pangaboi halining’inizwi kwenye jipsamu kamwe. Hubebwa na kulabu iliyozikwa kwenye zege au na boriti ya mbao iliyo imara, na mapanga yawe juu ya sakafu kwa mita 2.1 kwa uchache, huku yakiachwa karibu sentimita 30 kutoka darini ili yapate hewa ya kuvuta. Ukilibana sana na dari, hata pangaboi bora litaonekana bovu.

La watoto nitaling’oa na kuweka BLDC jingine, kwa kuwa huwashwa usiku kucha na ndipo akiba ilipo. La sebuleni halitoki, kwani huwashwa saa chache tu na kila kipuri chake hupatikana papa hapa mjini. Duka nililokubaliana nalo ni lile ambalo muuzaji alinionyesha bodi ya akiba ikiwa rafuni na kuniambia bei yake kabla sijalipa. Wengine wawili walisema ingeagizwa, bila kueleza kutoka wapi wala lini.