Kando ya Maji au Juu ya Bonde: Nyumba Mbili za Paradise Valley, Montana

Anayenunua nyumba Paradise Valley, bonde la jimbo la Montana, Marekani, huchagua kati ya kando ya Mto Yellowstone na juu ya bonde. Mto huu hauna bwawa kubwa la kuzuia maji, kwa hiyo theluji ya milimani ikiyeyuka Mei na Juni, maji yote hushuka bondeni. Juni 2022, pale Gardiner, mji ulio langoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, ukingo ulilika hadi nyumba ya wafanyakazi wa hifadhi ikatumbukia mtoni nzima nzima.

Anayenunua kando ya maji analipia mandhari na uvuvi, lakini mto si wake: sheria ya Montana ya 1985 inaruhusu watu kupita na kuvua chini ya alama ya maji ya juu ya kawaida, yaani alama ambayo maji ya msimu wa kujaa huiacha ukingoni. Eneo likiwa na uwezekano wa mafuriko wa asilimia 1 kwa mwaka, benki karibu zote zitadai bima ya mafuriko. Ile ya serikali huishia dola 250,000 kwa jengo la makazi, na haifidii ardhi iliyomegwa. Hilo ndilo linalowaumiza wengi. Kupanga mawe ukingoni nako kunahitaji kibali.

Nyumba ya juu ina upepo mkali, na kisima huenda kikawa kirefu. Omba kumbukumbu za uchimbaji wake. Hata hivyo, kwa mkopo wa miaka 30, tungechagua ya juu.

Ukiing'ang'ania ya chini, kagua ukingo maji yakiwa machache. Mizizi ikining'inia hewani na mabonge ya nyasi yakiwa yameanguka karibuni, mto unasogea. Kisha dai cheti cha mwinuko, hati inayoonyesha nyumba iko kwenye kimo gani, ulinganishe sakafu ya chini kabisa na kimo cha mafuriko yale ya asilimia 1.