Mjusi wa miguu mitatu

Kama una kimono ya hariri uliyoambiwa imetiwa rangi kwa nta, itandaze sakafuni kwanza, halafu rudi tuongee.

Yangu niliinunua Kyoto, majira yale majani yanapukutika, kwenye duka la mitumba ambalo silitaji maana sitaki kesi. Yeni 32,000. Muuzaji, mzee nadhifu kupindukia, aliniambia kwa kinywa chake: roketsu, yaani batiki ya nta ya Kijapani, kazi ya mkono.

Sasa, mimi ni mtoto wa batiki. Nimekulia Tanga, uani kwa mama, mishumaa inayeyuka kwenye sufuria na vidole vyetu vya njano wiki nzima. Nilipoona zile nyufa nyembamba za buluu kwenye hariri ya rangi ya maziwa, nilikwisha. Ufa naujua unavyozaliwa: nta inapoa, unafinya kitambaa, inapasuka, rangi inapenya. Parafini hupasuka ovyo, nta ya nyuki inakuwa mbishi. Huwezi kuuamrisha upite wapi. Na Wajapani wana kibarua zaidi yetu, maana rangi wanaipaka kwa brashi, pole pole, jora zima la mita 12 hivi, huku wakichunga joto lisiyeyushe nta. Kwa hiyo bei sikubishana hata kidogo.

Nikampigia mama simu ya video kumringia. Shikamoo, marahaba, hebu geuka nione. Nikageuka. Kimya.

“Mwanangu, huyo mjusi mbona yuko na mgongoni?”

Mjusi gani? Nikavua, nikatandaza. Kwenye mkono wa kushoto kulikuwa na ufa wenye kichwa, miguu mitatu na mkia uliokatika. Kila baada ya shibiri tatu na vidole vinne, yuko tena. Miguu mitatu, mkia umekatika. Nilihesabu tisa. Nta haizai mapacha tisa, jamani. Ilikuwa chapa.

Hapo bado nilikuwa na adabu. Nilirudi dukani baada ya siku mbili tatu, nikamwonyesha mzee mijusi wake. Akaushika mkono wa kimono kwa ncha za vidole viwili, akatabasamu, akaniuliza kama nimeifua kwa mashine.

Mimi? Hariri? Kwa mashine?

Kisha akanisomesha historia. Kwamba Japani walikuwa wakitia nta tangu karne ya 8, kwamba kule Nara, kwenye ghala la hazina la kale liitwalo Shosoin, kuna viwambo vya kukunja vya zama hizo, kimoja kina tembo chini ya mti. Najua, mzee wangu. Tembo wa Nara ananihusu nini mimi mwenye mijusi tisa? Akaikunja taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili, akainama. Fedha hairudi. Sijapata kutukanwa kwa heshima namna ile.

Nilikuwa nimeshaamua kuwaambia msikanyage pale, mwende zenu gulio la hekalu la Toji, tarehe 21 ya kila mwezi, ambako angalau unaibiwa kwa bei ndogo. Ila juzi nimeiokota lebo. Baada ya neno roketsu kuna herufi moja ndogo, “fu”. Maana yake ni mtindo wa. Yaani mfano wa roketsu. Iliandikwa, sikusoma. Basi duka kwenye karatasi halikudanganya, na hasira nusu nimejigeuzia mwenyewe.

Nusu tu. “Kazi ya mkono” aliitamka yeye, lebo haina mdomo. Na lile swali la mashine bado linanikaba ninapopiga pasi.

Ningewapa nyota moja. Haya, mbili, kwa sababu hariri yenyewe ni nzito na inaanguka mwilini vizuri ajabu, na hata mama alikiri rangi imetulia. Jumamosi nina mwaliko na nitaivaa hiyo hiyo, mkono wa kushoto nimeubana ubavuni.