Seti ya modeli ya DNA yenye haidrojeni za sumaku: nzuri, ila inadanganya mahali pamoja

Jozi ya guanini (G) na sitosini (C), mbili kati ya besi nne za DNA, ndiyo inayoipa seti hii thamani. Ng'oa tufe jeupe la haidrojeni kwenye N1 (nitrojeni namba 1) ya guanini, libandike kwenye N3 ya sitosini. Ukiishia hapo, guanini inabaki na chaji hasi na sitosini chanya, kwa kuwa haidrojeni huhama kama protoni, bila elektroni yake. Kwa hiyo hamisha pia haidrojeni moja ya kundi la amino la sitosini hadi O6 (oksijeni ya kaboni namba 6) ya guanini. Sasa tenganisha nyuzi. Sitosini iliyogeuka inanasa adenini (A) kwa bondi 2 za haidrojeni, guanini iliyogeuka inanasa thaimini (T) kwa bondi 3 za haidrojeni. DNA ikinakiliwa tena, palipokuwa na G-C panaweza kukaa A-T.

Kasoro? Pete za atomi zimegandishwa, bondi maradufu hazihami. O6 ikipokea protoni inaonekana ina bondi 3 badala ya 2, na wanafunzi watalinakili kosa hilo bila kusita. Chora muundo sahihi ubaoni kwanza. Kijitabu cha seti nacho hakisemi kwamba protoni kwa kawaida hurudi upesi mno, kabla nyuzi hazijaachana, ndiyo maana makosa haya ni adimu. Sumaku zenyewe ni imara.